Sikio na Kompyuta Isiyo na Kioo

Kompyuta ya Sikio haina kioo. Mezani pana sanduku jeusi, kibodi na spika mbili ndogo. Mahali ambapo kioo kingekaa, mama mkwe wake huweka kikombe cha chai. Wageni wakishangaa, Sikio, ambaye haoni tangu utotoni, huwajibu kwamba yeye hana umeme wa kuchezea.

Kazi yake ni kuandika yaliyorekodiwa mikutanoni. Ndani ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, kuna programu inayomsomea kila neno, kwa sauti ya mwanaume kama aliyebanwa pua. Mama mkwe humwita bwana wa puani.

Ijumaa moja chama cha wafanyakazi kilikuwa kikisubiri maandishi ya kikao kirefu kabla ya jioni. Kilishamwonya kwamba akichelewa, kazi zote zitakwenda kwa mwingine. Alikuwa amebakiza kipande cha mwisho cha rekodi, lakini tovuti ya kupokelea kazi ikakataa kivinjari chake cha zamani. Asubuhi akanakili kila kitu kwenye flashi, akaanza kupandisha Linux kwenda toleo jipya ili apate kivinjari kipya. Bwana wa puani alisoma hatua zote, akatangaza kwamba mashine inazimwa ili iwake upya. Ikawaka. Feni ikazunguka. Sauti haikurudi.

Sikio akaandika nywila bila kusikia lolote, akabonyeza vitufe vya kuamsha msomaji, akabadilisha spika. Kimya. Huenda mashine ilikuwa ikieleza kosa lake waziwazi, ila kwenye kioo ambacho nyumba haikuwa nacho. Mchana ukaingia.

Kuomba msaada hakukuwa tabia yake. Mama mkwe hakumwuliza. Alivaa kandambili akaenda kwa jirani, fundi wa kuchomelea ambaye Sikio hugombana naye kila Jumapili kwa sababu ya kelele za televisheni yake. Alirudi na fundi, naye fundi ameikumbatia hiyo televisheni, akinung'unika kwamba mechi inakaribia kuanza.

"Leo ukiniambia nipunguze sauti, shemeji," akasema, "utairudisha mwenyewe mgongoni."

Akachomeka kebo kwenye kompyuta ili televisheni iwe kioo, akahangaika na rimoti. Kabla hajapata cha kusoma, televisheni ikaongea kwa pua, ikataja mafaili yaliyokuwa yamefunguka.

"Mwanangu, bwana wako huyo," mama mkwe akasema. "Kumbe alihamia kwa jirani."

Sikio akaelewa papo hapo. Toleo jipya lilikuwa likipeleka sauti kwenye tundu la kuchomekea kioo. Msomaji alikuwa amesema tangu asubuhi, akakosa pa kutokea. Akiongozwa na televisheni, akafungua mipangilio, akachagua spika. Alipoiwasha mashine upya, sauti ikarudi kule kule kwenye televisheni. Mara ya pili akaizima kabisa njia ile ya sauti, akaiwasha mashine tena, fundi akachomoa kebo, wakangoja. Spika zikasema.

Fundi alikuwa huru kuondoka, lakini alikataa kuichukua televisheni kabla kazi haijatumwa, isije mashine ikageuka tena. Akakaa mlangoni na redio ya simu sikioni. Timu yake ilipofunga, alijipiga paja tu.

Kazi ilifika jua halijazama, na chama kikampangia kikao kingine. Akiisimulia siku hiyo, Sikio hupitia haraka mambo ya tundu na mipangilio. Hukawia kwenye saa ile ya mwisho, watu wawili wakiwa wamekaa kimya chumbani kwake ili yeye asikie.