Kiwanja cha Kabuga na Kadi ya Picha

Mdogo wangu aliuza kiwanja chake cha Kabuga ili anunue kompyuta. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani nazungumzia kijana aliyelewa michezo. Alikuwa mtu mzima, mwenye kazi nzuri katika ofisi moja ya wasanifu majengo pale Kiyovu, Kigali. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa: unaona ukuta, zulia, jua linaingia dirishani, unaapa kwamba mtu amekwenda huko na kamera. Jioni akirudi kwake Nyakabanda alicheza mbio za magari kwenye kompyuta yake ya zamani, iliyokuwa ikinguruma na kukwama kila kona.

Kisha daktari akamwambia macho yake yanakufa. Yanaanzia pembeni na kusinyaa kuja katikati, mpaka mtu abaki anachungulia dunia kama kupitia bomba, na baadaye bomba nalo linazibika. Hakuna dawa wala upasuaji. Muda gani, daktari hakusema, kwa sababu hakujua. Dalili tulikuwa tumeziona bila kuzitambua. Ukimpa kikombe cha chai kwa upande, alikuacha na mkono wako hewani. Mimi nilimwambia ana dharau tangu aanze kula mshahara wa Kiyovu.

Alipotangaza habari ya kiwanja nilikuwa nakuna nazi, nikaacha. Sisi tumekulia Bukoba, na mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili.

"Kiwanja hata asiyeona anakikanyaga," nilimwambia. "Kompyuta utaifanyia nini?"

"Nimechora nyumba za watu wote, dada. Yangu sijaichora."

"Kwa hiyo unauza kiwanja ili uchore nyumba ya kujenga kwenye kiwanja ulichouza?"

"Ndiyo."

Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Maneno yalitoka kabla sijayapima, naye akacheka, jambo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa nasema kweli, na ukweli huo haujanisaidia kitu mpaka leo.

Basi tukaanza kuchagua. Sema yeye alichagua, mimi nilimshika mkono kuvuka barabara nikijifanya namshika kwa mapenzi. Tulikwenda duka moja mjini, mwenyewe mtu aliyekulia Kampala, mchangamfu, anayemwita kila mteja boss. Hapo nikajifunza kwamba kompyuta ya namna ile hainunuliwi nzima. Inaposwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina masharti yake kama mkwe. Prosesa, ambayo ndiyo akili yake, haikai kwenye ubao wowote tu. Feni zinataka nafasi. Na juu ya yote kuna kadi ya picha, sehemu inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Mdogo wangu alitaka moja itakayofaa kazi na mchezo, kubwa kuliko zote, na vingine vyote vikaipisha: kasha likawa refu ili limeze urefu wake, na kifaa cha umeme kikawa cha kuilisha bila kuishiwa pumzi.

"Hii iko nguvu sana, boss," mwenye duka alisema, akituonyesha picha yake kwenye simu. "Lakini buretse kidogo. Nyingine mupya iko inakuja. Ukinunua hii leo, kesho iko ya zamani."

"Siwezi kungoja," mdogo wangu akamjibu.

Hakumweleza sababu. Kila mtu alimwambia angoje. Wenzake ofisini walisema bei zitashuka. Mimi mwenyewe nilimtania, kipya kinyemi ingawa kidonda, si ungoje hicho kipya ufurahi? Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kwa kile kipande cha jicho kilichobaki mahali ulipo mdomo wangu. Sikurudia utani huo.

Skrini ndiyo ilikuwa zamu yangu. Mimi nilishikilia tuchukue kubwa, ile iliyojikunja, pana kama kioo cha ukutani kwa kinyozi. Nilidhani jicho bovu linataka kitu kikubwa, kama bibi anavyotaka Biblia ya herufi kubwa. Mwenye duka aliiwasha kwa furaha, mdogo wangu akaketi mbele yake. Mandhari ya milima ikajaa. Yeye akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akarudisha katikati.

"Isogeze nyuma," alisema.

Mwenye duka akaisogeza.

"Nyuma tena."

Ikafika ukutani. Yeye naye akarudisha kiti mpaka akagonga meza iliyokuwa nyuma yake, na bado alikuwa akigeuza kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Ukubwa haukumsaidia, ulimwibia. Dirisha lake lilikuwa dogo, na kila tulipomwekea kitu kikubwa mbele yake, kilichobaki nje ya dirisha kiliongezeka. Aliinuka akachagua skrini ndogo kuliko zote pale dukani, ya kumwekea mhasibu mezani.

"Boss, unanunua ng'ombe muzima juu ya kikombe moja ya maziwa?" mwenye duka aliuliza.

"Kikombe kimoja kinanitosha," akasema mdogo wangu. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye vigae nikilia, na mlinzi akanipa kiti.

Kadi yenyewe haikuwepo Kigali. Jirani yake wa Nyakabanda, mama mmoja anayefuata nguo Dubai, alikubali kuileta ndani ya sanduku lake, imeviringishwa kwenye mabaibui. Ndivyo vitu vingi vizuri huingia kwetu, katika sanduku la mtu unayemwamini. Ila sanduku hufuata maisha ya mwenye nalo. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua, safari ikasogea. Kisha Ramadhani ikaingia. Kisha mama mwenyewe akaugua mgongo.

"Subira huvuta heri, mwanangu," alimwambia mdogo wangu kila walipokutana langoni. Mama mwema, na kila aliposema hivyo nilitamani kumziba mdomo.

Wakati tunangoja, ofisi ya Kiyovu ilipokea malalamiko. Mteja alikuwa ameonyeshwa picha ya jumba lake, bustani maridadi, na pembeni ukuta wa uzio ukaishia hewani, bila lango. Mdogo wangu hakuwa amesahau. Hakuona kwamba picha inaendelea. Walimtendea kwa heshima, wakampa kazi ya kupokea simu, na heshima ile ilimchosha mpaka akaacha mwenyewe.

Kadi ilifika ikinukia udi. Aliiunganisha kwa vidole, mimi nikimshikia tochi ambayo nadhani haikumsaidia. Mashine ikawaka bila kelele, na mchezo wa magari ukaenda laini kama mafuta. Alitaka niketi ubavuni mwake nimwambie nani anakuja kumpita. Nilikuwa nachelewa kila mara, na magari yalimpita pande zote mbili, mpaka siku moja akauzima mchezo na kusema tufanye kazi.

Akachora nyumba ya Kabuga. Ukumbi, baraza linalotazama mashariki, jiko kubwa kwa ajili yangu, alisema, kwa kuwa nitakuja kumsumbua. Kile kikompyuta cha zamani kingemaliza siku nzima kwenye picha moja. Hii ilikuwa inamaliza kabla chai haijapoa. Lakini yeye aliisoma kipande kwa kipande, pua karibu na kioo, na kila wiki vipande vilizidi kuwa vidogo. Mwishowe aliniuliza mimi.

"Mwanga unaingiaje jikoni?"

"Unaingia kwa juu, unagusa meza."

"Si mkali mno?"

"Hapana."

"Basi iache hivyo."

Siku hizi anakaa kwangu. Mashine iko kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa, na pale Kabuga mwenye kiwanja amejenga maduka ya kupangisha. Mwanga na kivuli bado anavitambua, mengine yote yamekwenda. Hatuzungumzi habari ya matumaini humu ndani, tumechoka nayo.

Jana asubuhi nilisoma kwenye simu kwamba kadi mpya imetoka, ile aliyosema mwenye duka tuingoje, au labda mjukuu wa kadi hiyo. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Mdogo wangu akasema nimsomee. Nikamsomea yote, na yeye akawa anauliza, kidevu juu: inakula umeme kiasi gani, joto lake je, itaingia kwenye kasha letu? Nikamjibu kadiri nilivyoelewa. Akafikiri.

"Nzuri," alisema. "Lakini hii tuiache. Tungoje inayofuata. Sina haraka."