Mwanamume Aliye Nyuma ya Zizi

Nilipoanza kufundisha chekechea Naro Moru, darasani mwangu kulikuwa na msichana aliyeuma wenzake. Hakuwa mtukutu. Alicheza vizuri, kisha ghafla ananyamaza, na mara mtoto wa kando anapiga ukemi. Nikimuuliza kwa nini, anatazama viatu vyake. Nikajua hana neno la kunipa.

Vitabu vya picha vya shule vilikuwa vya kuhesabu machungwa na kutaja wanyama. Hakikuwepo hata kimoja chenye mtoto aliyekasirika. Basi nikaamua kuchora changu. Niliomba kalenda za zamani kwenye duka la simenti na misumari, zile kubwa zenye mgongo mweupe. Nikachora mtoto aliyenyang'anywa mpira, msichana anayeogopa mbwa, mama aliyechoka chini ya gunia la kabeji, na mwanamume aliyekaa nyuma ya zizi la ng'ombe akilia. Fundi cherehani wa sokoni Chaka akanishonea kurasa kwa uzi mnene. Ng'ombe wangu alifanana na meza, lakini watoto hawakujali.

Kila asubuhi tulifungua ukurasa mmoja. "Huyu anasikiaje?" niliuliza, nao wakajibu kwa Kiswahili, kwa Gikuyu, na kwa kukunja nyuso.

Haukupita muda, baba wa yule msichana akaja. Alikuwa na bucha karibu na barabara, na alifika akiwa bado na koti lake jeupe la kazi.

"Mwalimu, hii kitabu iko na shida. Ati mwanaume analia? Toa hiyo page. Watoto wataona nini?"

"Sitoi," nikasema. Kitabu sikukiachia. "Keti uwasomee wewe mwenyewe. Ukimaliza na bado hukitaki, twende kwa mwalimu mkuu."

Nadhani aliketi kwa sababu watoto wote walikuwa wakimtazama. Kiti kilikuwa kidogo, magoti yakamfika kifuani. Akasoma mpira, akasoma mbwa. Alipofika kwa yule mwanamume akasema haraka, "Huyu ameshikwa na baridi."

"Hapana, baba," binti yake akasema. "Analia. Kama wewe siku ile cucu alienda Murang'a."

Nilishtuka. Nilijua kuwa cucu, nyanya yake aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa amezikwa muhula uliotangulia. Siku za msiba msichana alipelekwa kwa shangazi yake Nanyuki. Kumbe hakuna aliyemwambia. Muda wote huo alikuwa akingoja mtu arudi kutoka safarini.

Baba yake alikitazama kitabu bila kufungua ukurasa mwingine. Nilitaka kumwokoa, nikajizuia.

"Cucu hakuenda Murang'a," akasema hatimaye. "Cucu alikufa, mama. Sikujua vile ningekuambia."

"Atarudi?"

"Hapana. Harudi."

Msichana akalia, na baba yake akamchukua mapajani, koti jeupe na yote. Mtoto mmoja akauliza kama na yeye baba analia. "Eeh," akasema. "Nalia."

Hakuomba tena niondoe ukurasa ule. Hakunishukuru pia, wala sikungoja shukrani.

Msichana aliuma tena wiki iliyofuata. Nilikaa naye sakafuni, tukafungua kitabu, nikamwambia aonyeshe. Akaweka kidole kwa mwanamume wa zizini. Tulifanya hivyo siku baada ya siku, hata pale walimu wenzangu waliposema napoteza wakati. Kabla ya muhula kwisha alinijia katikati ya mchezo, meno ameyauma, akasema, "Mwalimu, nimekumbuka cucu." Tukaenda kukaa nje juani hadi akatulia.

Sasa nachora kingine, cha mtoto anayekataa kushikwa asipotaka. Mzazi mmoja ameshanionya kwamba nitawafundisha watoto kukaidi wakubwa. Nilimjibu kwamba wako wakubwa wanaostahili kukaidiwa, nikaendelea kuchora.