Ugonjwa Usiotajwa

Nilipokuwa mtoto kule Ujiji, ugonjwa uliomuua mtu haukutajwa mbele ya mwenye mimba. Ukiutaja, alisema Bibi, unaitika. Kwa hiyo mama mkubwa, bintiye wa kwanza, ambaye nilimwona kwa macho yangu akitupa miguu siku ya uchungu, "alikwenda kwa amri ya Mungu", basi.

Mwaka ule wakimbizi walivuka ziwa kutoka Kongo wakalazwa madarasani mwetu, shule ikafungwa. Ndipo nikafuatana na Bibi kumpeleka mama mdogo kliniki, mimba ikiwa ya miezi saba. Mbele yetu alikuwa mama mkimbizi. Nesi, mgeni kutoka Mbeya, alimuuliza habari za ukoo wake, naye akazitaja bila kushusha sauti: mama, presha, dada, kisukari.

"Watu wa ng'ambo hawa," Bibi akanong'ona. "Wamekimbia na maiti zao zote."

Zamu yetu ikafika.

"Bibi, kwenu kuna aliyepata kifafa cha mimba?"

"Kwetu hakuna, mwanangu. Sisi ni homa tu."

Mama mdogo alitazama miguu yake iliyovimba.

"Mama mkubwa alipata," nikasema. "Alijiuma hata ulimi."

Bibi alinifinya mpaka damu ikatoka, kisha akajitemea mate kifuani. Nesi alipima presha upya, akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: ajifungulie hospitali, si nyumbani.

Kifafa kilikuja kweli, akiwa wodini. Sindano ilikuwa tayari. Mama na mtoto walipona.

"Umekiita, kimekuja," Bibi akaniambia. Hakuniruhusu kumshika yule mtoto mpaka alipotimiza arobaini.

Nilisoma hadi chuo kikuu nikiamini kwamba ubishi ule niliushinda.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu, Rehema, alipata uvimbe kwenye titi. Daktari akauliza kama kwao kuna aliyeugua kansa. Rehema hakujua, mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na hakuwahi kuelezwa kwa ugonjwa gani. Nikampigia simu baba mkwe.

Alikaa kimya kidogo. "Kwetu hakuna, baba."

Kimya kile nilikisikia. Lakini mkwe hahojiwi mara mbili, nikamshukuru, nikamuaga. Daktari alisema uvimbe wa namna ile kwa mwanamke wa umri wake mara nyingi si kitu, turudi baada ya miezi sita. Tuliporudi, ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Baada ya arobaini ya Rehema, baba mkwe aliniita barazani, tukiwa wawili. Akaniambia kuwa mama yake Rehema na dada yake mama huyo walikwenda wote kwa titi.

"Niliogopa nikiutaja utamfuata," akasema.

Sikumkasirikia. Yeye alinyamaza akiamini kwamba anamlinda mwanawe. Mimi sikuwa na imani yoyote ya kunizuia nisiulize tena. Nilikuwa na adabu tu, nayo ikatosha.