Kuchagua kompyuta ya mkononi yenye GPS: nilitaka kumaliza ugomvi wa mpaka nyumbani, Bukavu

Wakuu, salamu zenu kutoka Bukavu.

Leo sijaja kuuliza bei wala kumtania mtu. Nimekuja kusimulia kilichotukuta nyumbani, na nitakisema kilivyo, bila chumvi. Atakayesema ni chai, aje nimpe kiti uani kwetu akae msimu mzima wa mvua, halafu turudi hapa tuongee.

Naanza.

Kazi yangu ni kukusanya takwimu vijijini, kazi ambayo huku tunaiita enquêteur. Leo Kavumu, kesho Katana, unawauliza wakulima maswali na kuingiza majibu kwenye mashine. Kwa hiyo mtaani mimi ndiye mtu wa vyombo. Simu ya jirani ikigoma, naitwa mimi.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, upande wa Kadutu. Papa, yaani baba yangu, aliijenga kwa mikono yake enzi akiwa fundi mwashi, mama akiwa bado hai. Mama alifariki, ndugu zangu wakatawanyika, tukabaki wawili, mimi na mzee.

Nyumba hiyo ndiyo yote tuliyo nayo. Kiwanja kingine hatuna, na kijijini hatukuachiwa shamba.

Chini yetu anakaa Maman Nsimire, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kati yetu na yeye kuna mpaka wa mimea, na chini ya mpaka kuna kinjia chake cha kutokea barabarani.

Niwaeleze kidogo. Kwetu mpaka haupandwi kimyakimya. Mnaita majirani, mnapanda ile mimea ya majani marefu isiyokufa upesi, mnakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kuanzia siku hiyo mmea ni shahidi. Anayehamisha mmea wa mpaka, afadhali mwizi wa ng'ombe.

Sasa Jumapili moja baada ya misa tulikutana kwenye shirika, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa wetu. Papa ndiye msomaji wa Neno pale. Kabla hajafungua kitabu, Maman Nsimire akasimama mbele ya watu wote.

"Huyu muzee anatusomeaka Neno, lakini na usiku anahamishaka mupaka! Njia yangu inaisha. Kesho nitapitia wapi, mu hewa?"

Papa alikiweka kitabu chini akarudi nyumbani peke yake.

Siku hiyo hakula. Wiki iliyofuata akachaguliwa msomaji mwingine, na hakuna aliyemweleza sababu. Nilimwona baba yangu akizeeka mbele ya macho yangu, amekaa anaangalia ukuta alioujenga mwenyewe. Iliniuma sana.

Chef d'avenue, yaani kiongozi wa mtaa, akatoa uamuzi. Mpaka upimwe mbele ya mashahidi. Akaniambia, "Wewe njo (ndiye) mutu wa mashini. Leta mashini yenye haidanganye, sisi wote tutaikubali."

Hapo ndipo shughuli ya kuchagua ilipoanza.

Kwanza nilijaribu simu yangu. Nikasimama katikati ya mpaka, likatokea lile duara la bluu kwenye ramani. Duara lilifunika mpaka wetu, kinjia cha Maman Nsimire na jiko lake pia. Nimesimama tuli, kinukta kinatembea chenyewe. Kwa simu ile pande zote mbili zilikuwa na haki.

Nikazunguka madukani kuangalia tableti mpya. Kioo kikubwa, kinang'aa, muuzaji anaapa kwa jina la mama yake kwamba GPS imo. Toka nayo nje juani, huoni kitu. Nyingine hazina GPS kabisa, zinabahatisha kwa minara ya simu. Na sisi tulio mpakani mnajua, simu ikidaka mnara wa ng'ambo unaambiwa uko Rwanda na viatu vyako viko Kadutu.

Mwishowe nikafika kwa Tonton Deo (tonton ni mjomba), muuzaji wa vyombo vilivyotumika, ana kibanda chake Nyawera. Akanitolea kompyuta ya mkononi iliyobaki kutoka mradi fulani uliofungwa. Nene, nzito kama tofali, mpira pembeni, mvua haiingii ndani. Ina antena yake ndani na inashika satelaiti hata katikati ya vilima. Ukitulia nayo mahali ukaiacha ihesabu polepole, kosa lake ni kama urefu wa kiatu. (Wajuzi wa satelaiti msinirukie, nasema kwa lugha ya nyumbani.)

Tonton Deo akasema, "Zingine zinakuambiaka uko karibu na fulani. Hii inakuambia fasi (mahali) miguu yako iko."

Akanifundisha pia namna ya kuijaribu. Nikachukua pointi kwenye ngazi ya kibanda chake, nikazunguka mtaa, nikarudi kwenye ngazi ileile. Namba zikawa zilezile. Nikanunua.

Kiangazi hicho tukapima. Chef alikuwepo, mashahidi walikuwepo, Maman Nsimire amekunja mikono kifuani. Nilipima kila mmea wa mpaka, na kwa kujionyesha ufundi nikapima hadi kizingiti cha mlango wetu. Wote wakakubali kwamba kuanzia leo mpaka ni huu. Papa na Maman Nsimire wakashikana mikono kama watu walioshikishwa.

Nikajua yameisha.

Mvua zikaanza. Mnajua mvua za huku, zikishika zimeshika. Asubuhi moja Maman Nsimire akaja mlangoni na beseni lake tupu.

"Muzee amerudilia! Beseni haipite tena mu njia! Toka na mashini yako uone!"

Nikatoka. Nikapima mmea wa kwanza, haukuwa mahali pake. Wa pili hivyohivyo. Mpaka wote ulikuwa umeshuka kuelekea kwake, zaidi ya hatua yangu nzima. Nikapima upya, jibu lilelile.

Wakuu, nilimshuku baba yangu. Niliingia ndani nikaangalia viatu vyake kama vina udongo. Nikaangalia na kucha zake, akiwa anakunywa chai, hajui chochote. Sijui kama nitajisamehe kwa hilo.

Nikatoka tena, nikasimama kwenye kizingiti, nikapima. Na chenyewe kilikuwa kimeshuka. Upande uleule, karibu umbali uleule.

Mtu anaweza kung'oa mimea akaipanda kwingine. Hawezi kuhamisha mlango wa nyumba anayolala.

Nikakaa chini pale pale kwenye tope. Nikakumbuka nyufa ambazo Papa huziziba kwa saruji kila mwaka akisema nyumba nayo inazeeka. Nikakumbuka mlango wa nyuma unaogoma kufunga. Kila kitu nilikuwa nakiona miaka yote.

Nikaanza kuomba mashine iwe mbovu. Nakwambieni ukweli, sijawahi kuomba kitu kwa moyo kama hicho. Nikakimbia hadi Nyawera nikaiweka kwenye ngazi ya Tonton Deo. Ikatoa namba zilezile za siku ya kununua. Nikaijaribu mara tatu.

"Ulikuwa unataka ikosee?" Tonton Deo akaniuliza.

"Ndiyo, Tonton."

"Garanti yangu iko ya mashini mubovu. Ya mashini muzima sina."

Nilicheka, halafu nikalia mbele za watu.

Hali ndiyo hiyo. Kipande chetu cha kilima kinateleza polepole kikiwa na nyumba, mpaka na sisi wenyewe juu yake. Maman Nsimire yuko kwenye mwamba, hasogei. Udongo wetu ndio unaomlalia, na zaidi yake ni korongo.

Nikaomba Chef aite watu. Nikachora, nikaeleza mambo mawili: Papa hakuhamisha mpaka, na kilima ndicho kinachohama.

La kwanza lilisikika. La pili halikupata nafasi, kwa sababu Maman Nsimire alikuwa ameshapiga magoti.

"Papa, unisamehe. Nilikuharibia jina."

Papa akasimama, machozi yanamtoka. "Munaona? Mimi siko mwizi! Siko mwizi!"

Vigelegele. Kasiksi ikaletwa. Jumapili iliyofuata akarudishiwa usomaji, akasoma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama afariki. Furaha yake ilinichoma moyo.

Jioni moja nikamkalisha. "Papa, nyumba inatembea."

"Nilisikia. Inaenda wapi?"

"Chini. Ku korongo."

Akasema, "Ningehama wakati ule, batu bangesema nimekimbia juu ya wizi. Sasa Mungu amenisafisha, mutoto wangu. Njo niko na haki ya kukaa."

Nikaenda kwa Chef. Akanivuta pembeni, naye nyumba yake iko kilima hichohicho, juu yetu kidogo. "Ile ya pili, usirudilie kuisema. Batu bataenda wapi?"

Kiwanja kwenye ardhi imara mjini hapa ni cha wenye nacho, na nyumba yetu siwezi kumuuzia mtu nikijua ninachokijua.

Siku hizi napima kila baada ya mvua kubwa. Natamani siku moja namba zisimame. Hazijasimama.

Funzo. Anayetaka kununua chombo cha namna hii, hakikisha kina GPS yake ndani, si ya kubahatisha minara. Jaribu juani, jaribu pasipo mtandao, jaribu mahali pamoja mara mbili. Halafu jiulize kama uko tayari kwa jibu, maana ukishalijua huwezi kulirudisha dukani. Mimi nilinunua usahihi nikidhani nanunua amani.

Wenye uzoefu naomba mchango wenu. Kuna aliyewahi kumhamisha mzazi asiyetaka kuhama? Mlimwambia nini, na mlimpeleka wapi? Wa matusi mnipishe leo.

Naomba mjibu upesi, kwa sababu leo asubuhi Papa ameleta matofali. Anasema nimefikia umri wa kuoa, ananijengea chumba, na Maman Nsimire amekuja kumsaidia kuyapanga. Papa yuko uani sasa hivi ananiita, anauliza dirisha nalitaka upande gani.