Maji ya Chumba cha Mkwe

Tukuyu na AC, wapi na wapi! Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu siku mume wangu alipoishusha garini, aliporudi jumla kutoka Dar es Salaam. Huku kwetu tunavaa sweta hadi shambani, na mvua inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Lakini nia yake ilikuwa njema. Baba yake alikuwa anabanwa kifua, na fundi aliyetoka Mbeya kuifunga alisema mashine hiyo inakausha pia: unabonyeza rimoti palipochorwa tone, inavuta unyevu wa chumba na kuumwaga nje kwa mpira. Ikafungwa ukutani, juu ya kitanda cha mzee.

Mimi sikuiona ikifungwa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wasichana wa siku hizi wanakula na wakwe zao meza moja na kucheka nao, sawa, hayo ni yao. Mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani, na mimi nililelewa na bibi. Miaka yote niliyompikia sikuwahi kukanyaga chumbani kwake. Akitaka kuniambia jambo, alimwambia kuku. Kweli kabisa! Anasimama uani, mimi niko jikoni, anapaza sauti: "Wee kuku, chumvi leo imezidi." Nami namjibu kuku huyohuyo: "Kesho itapungua." Tulielewana vizuri sana.

Kisha shuka zake zikaanza kulowa. Mume wangu alikuwa anaingia asubuhi, mzee ameshaizima mashine, anakuta godoro limelowa upande wa ukutani na doa la rangi ya chai. Hakuuliza mara mbili. Alizifua mwenyewe nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaamka, akanunua nailoni ya kutandika juu ya godoro, halafu, jamani, akanunua pampasi za watu wazima. Mimi shuka hizo sikuzigusa, maana matandiko ya mkwe hayaguswi. Ningezinusa hata mara moja tu ningejua kwamba hazina harufu ya mkojo.

Siku moja nikiwa namenya ndizi, nikasikia fimbo yake uani. Alisogea mpaka karibu na ukuta wa jiko. Akasema, "Wee kuku, maji yanatoka ukutani. Mimi sijakojoa."

Loh! Mzee wa umri ule, kutamka neno hilo huku mke wa mwanawe anasikia! Nilihisi uso unawaka. Nilitafuta la kumjibu kuku nikalikosa, nikabaki nimeinamia ndizi zangu mpaka niliposikia fimbo ikiondoka. Jioni nilimweleza mume wangu, akasema kwa huruma tu, "Wazee wote husema hivyo. Tusimwaibishe." Nami nikaliacha hapo.

Haikupita wiki, mzee akaita bodaboda, akakunja blanketi lake, akaenda kwa binti yake, kijijini Kisondela. Alisema anakwenda kusalimia. Zile pampasi aliziacha juu ya kitanda, hata pakiti hajaifungua.

Chumba kilipokaa kitupu, mume wangu akaanika humo maharage yetu, akawasha ile mashine yaanze kukauka. Kwa kuwa mwenye chumba hayupo, niliingia kuyageuza. Kitandani hapakuwa na mtu, na nailoni ilikuwa imejaa maji! Nilitazama juu nikaona mchirizi unashuka kutoka chini ya mashine, wa rangi ya chai, taratibu, bila kelele. Nilikaa juu ya gunia nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia mume wangu, nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

Kazi yenyewe, Mungu wangu, ilikuwa ndogo mno! Nilizima umeme, nikapanda stuli, nikafungua mfuniko. Ndani kuna kisahani kirefu cha kukinga maji, kimejaa pomoni, kimeota utelezi. Nikazunguka nje kwenye mdomo wa ule mpira, nikakuta nyigu wameujengea udongo, wameuziba kabisa. Nikachokonoa kwa spoki ya baiskeli, udongo ukatoka vipandevipande, nikaweka mdomo nikapuliza. Kwanza likatoka tonge la uchafu, kisha maji yakamwagika miguuni pangu kama bomba. Mdomo wa mpira nikaufunga kwa kipande cha chandarua ili nyigu wasirudi. Nilipowasha tena, ukuta haukutoa hata tone.

Mume wangu alipoona, akasema atakwenda kumwomba radhi baba yake. Alikwenda, akarudi peke yake. Basi nikaenda mwenyewe. Nilisimama nyuma ya jiko la wifi yangu, kuku wanachakura kwenye maganda ya parachichi, na kikohozi cha mzee nakisikia upande wa pili wa ukuta.

"Wee kuku," nikasema, "yalikuwa maji ya mashine. Mpira uliziba, nimeuzibua. Hukukosea. Kitanda ni kikavu, rudi nyumbani."

Kikohozi kikakoma. Wifi yangu akaacha kutwanga.

"Wee kuku," akasema mzee, kwa upole kabisa, bila ukali, "siku ile nilikwambia, ukanyamaza."

Nikakosa la kumjibu, kwa mara ya pili.