Nyimbo za Harusi Alizozifuta Dorcas

Dorcas hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Kibanda chake cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi, pale Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni, kilikuwa na kiti kizuri tu, ila kazi ya kiti hicho ilikuwa kubeba mkoba. Mwenyewe alisimama, akabofya, akatoka nje, akarudi, akafoka.

Wiki hiyo aliyefokewa ni kompyuta. Ilikuwa imejaa mpaka inakohoa. Ukibofya wimbo, unamenya ndizi na kuimaliza ndipo wimbo uanze. Basi akaamua kuipanga. Kwaya akaziweka kwao, taarabu kwao, bongofleva kwao. Alipofika kwenye nyimbo za Kisukuma akakuta msururu: Harusi, Harusi, Harusi, zote za mwimbaji mmoja, zote zikianza na zeze lile lile.

"Si wimbo mmoja huu, jamani? Nani kanijazia uchafu?"

Akabakiza mmoja, nyingine akazifuta, kisha akamwaga na pipa la taka la kompyuta, asije akapata huruma.

Asubuhi iliyofuata akaingia Selina, binti wa Kisesa, nywele zimesukwa kibibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unazurura peke yako hivyo, wakikuiba je?"

"Nimefuata ule wimbo wa harusi ya dada, ule anamotajwa baba. Kesho nataka nitoke nao nyumbani."

Dorcas akabofya ule aliobakiza. Zeze lile lile, sauti ile ile, kisha likatajwa jina la mzee mmoja wa Magu na ng'ombe zake. Selina akatikisa kichwa.

"Huyo si baba. Baba ni Luhende."

Dorcas akauzima wimbo. Mtu aliyezaliwa Usukumani, kusahau jambo kama hilo! Mwimbaji yule alikuwa na tuni moja, akienda nayo kila harusi aliyoitwa, na kila mji akautilia majina yake: baba mwenye binti, mashangazi, hata fahali. Zilifanana mwanzo tu. Sasa mwimbaji amekufa, mzee Luhende amekufa, simu ya Selina ilitumbukia ziwani, na kilichobaki kimefutwa na Dorcas.

"Wimbo upo, mama?"

"Nimeufuta. Kaa hapo, na usinililie kwenye kompyuta." Akaondoa mkoba kwenye kiti, akatoka mbio.

Alianza na bodaboda. "Leteni memori kadi zenu!"

"Umeanza ukaguzi, mama?"

Bongofleva tupu. Kwa fundi cherehani, kwaya tupu. Dorcas akasimama katikati ya njia, mguu mmoja huku, mwingine kule, mpaka akamkumbuka Paskazia, muuza dagaa aliyewahi kutaka apewe nyimbo zote za harusi, akatukanwa, lakini akapewa. Alipomfikia sokoni, redio yake ilikuwa inaning'inia juu ya dagaa, inaimba.

"Paskazia, nipe flashi."

"Mwangaluka kwanza, hata salamu huna? Si wewe uliyesema sina masikio, nyimbo zote hizi ni moja?"

"Nilisema."

"Sema tena, na hawa wasikie."

"Mimi ndiye sina masikio! Haya, nipe!"

Wauza dagaa wakacheka mpaka mizani ikayumba. Paskazia hakuichomoa flashi redioni. Akabonyeza kitufe polepole, wimbo baada ya wimbo. Zeze, jina. Siyo. Zeze, jina. Siyo. Dorcas akauma kucha, akala dagaa mbichi bila kujua. Kisha redio ikaita: Luhende wa Kisesa, Luhende mwenye mabinti. Akainyakua flashi hata redio haijamaliza sentensi.

Kibandani Selina alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakulia.

"Rudisha hapo alipotajwa, mama."

Dorcas akarudisha. Akarudisha tena. Kisha akainyakua kibodi, akaufutia wimbo ule jina la Harusi, akaandika: Luhende, Kisesa. Wa pili wa humo kwenye flashi akaufungua, akasubiri zeze limalize maringo yake, sikio limeganda kwenye spika, asikie jina.

Nje Paskazia alishafika, anapiga kelele kwamba dagaa haiuziki kimyakimya, arudishiwe flashi yake.

"Subiri huko!" Dorcas akajibu bila kugeuka. "Humu bado kuna baba za watu!"