Bati la Kushoto

Gari la mjomba ni pikapu ya zamani, kubwa kwa umri kuliko mjomba mwenyewe, na ubaya wake mkubwa ulikuwa mmoja: liliogopa maji. Chini ya boneti, kila upande wa injini, panatakiwa kuwa na bati la kuzuia tope linaloruka kutoka kwenye magurudumu. Mabati yake yalishaoza. Likiingia dimbwini, maji yaliruka moja kwa moja mpaka kwenye plagi, likakohoa, likazima. Masika yaliyopita lilimzimikia bibi harusi wa watu karibu na Mtawanya. Alishuka na hina yake miguuni, akatembea. Tangu hapo watoto wakimwona mjomba anapita, walikuwa wanakunja suruali.

Sasa ilikuwa zamu ya dada yangu kuolewa, kutoka kwetu Mtunda kwenda Bungu, na mvua ilikuwa imekolea. Mjomba aliapa kwamba mpwa wake hapandi bodaboda. Dada hakubishana naye. Alinifuata mimi nyuma ya nyumba.

"Mdogo wangu," akasema, "miguu yangu hii nakukabidhi wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Maneno hunitoka kwa shida, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Ndiyo maana napenda injini. Haikuulizi habari za nyumbani.

Nilipasua pipa lililokuwa la mafuta ya kula, nikalinyoosha kwa nyundo juu ya gogo. Nilikata boksi kwanza liwe kipimo, nikalijaribisha, nikalipunguza, ndipo nikakata bati kwa kulifuata. Kingo nilizikunja juu pande zote. Penye bolti niliweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili mabati yote mawili yasipige kelele.

Asubuhi ya harusi, la kulia lilikaa kama limezaliwa pale. La kushoto, upande wenye plagi, tundu lake moja halikukutana na tundu la chesisi. Nikalitoa, nikaliegemeza ukutani, nikaenda kwa jirani kuazima tupa.

Niliporudi, ukuta ulikuwa peke yake.

Nililikuta uani. Lilikuwa juu ya sufuria la pilau, limejaa makaa. Kando yake alikaa bibi mmoja wa Kimatumbi, mtani wetu sisi Wandengereko, na mwiko mkononi. Kwetu mtani akija kwenye shughuli yako akachukua kitu chako, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Unakigomboa kwa anachotaka yeye.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Hilo bati ni la gari."

"Marahaba. Gari linapika?"

"Halipiki."

"Basi liache hapa linapopikia. Tena limekunjwa kingo vizuri, makaa hayamwagiki. Aliyelitengeneza ana akili, hawezi kuwa Mndengereko."

Wanawake wakacheka. Huko nje mjomba alikuwa anapiga mlango wa gari kwa kiganja, maana honi hana.

"Unalitaka?" bibi akauliza. "Simama hapo katikati ya uwanja useme: Bila Wamatumbi hatuli, hatuolewi, hatufiki."

Nikasema.

"Kasema?" akamuuliza mwenzake.

"Midomo imecheza. Labda anatafuna."

Nikarudia. Bibi akaweka mkono sikioni. Wageni walishaanza kutoka kutazama. Nilitamani kuingia chini ya gari nilale huko. Ndipo nikaiona miguu ya dada mlangoni, hina imepanda mpaka kwenye vifundo. Nikafumba macho, nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Wazee waliokaa kwenye jamvi upande wa pili wakaitikia, "Kweli kabisa!" bila kujua wanaitikia nini.

Pilau ilipokauka, bibi alimwaga makaa. Nililibeba bati kwa gunia, nikapanua tundu kwa tupa, nikalifunga huku napuliza vidole.

Tukaondoka, dada mbele na mjomba, mimi nyuma na bibi na wanawake wenzake. Injini ilipopata moto, harufu ya iliki na mdalasini ikapanda kutoka kwenye boneti. Watu wa njiani walikuwa wanachungulia nyuma ya pikapu, wanatafuta sufuria.

Dimbwi lilikuwa kabla ya kutokea barabara ya lami. Mjomba alipiga bismillahi, akaingia. Maji yakagonga bati la kushoto kwa kishindo, yakarudi yalikotoka. Gari likanguruma, likapanda ng'ambo. Mjomba alifurahi mno, akasimamisha, akazima, akashuka kwenda kuyapapasa mabati.

Sasa gari lile ukilizima, haliwaki mpaka lisukumwe.

Pande zote ilikuwa tope tupu. Mjomba lazima ashike usukani, na mwanaume mwingine nilikuwa mimi peke yangu. Bibi na wenzake walishashuka. Walijipanga nyuma ya gari, mikono kiunoni, wananitazama.

Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilivuta pumzi nikasema yote, na nadhani Bungu walinisikia.

"Ngoja," bibi akasema. "Mwenye harusi naye hajasema."

Bibi harusi hapandishi sauti siku yake. Lakini dada aliitazama miguu yake, akalitazama tope, akatoa kichwa dirishani na ushungi wake.

"Bila Wamatumbi hatuli, hatuolewi, hatufiki!"

Wakaweka mikono kwenye pikapu, na gari likawaka.